Kuwalinda walanyama walio hatarini: anza na kinachowaua

Simba, duma, chui, mbwa mwitu na simbamarara hawapungui kwa sababu moja. Bonde hili wanakufa kwa sumu iliyomwagwa kwenye mzoga wa ng'ombe. Bonde la pili wanakufa kwa waya uliotegwa kumnasa swala. La tatu hakuna anayewagusa, ila pori limekatwakatwa na mawindo yamekwisha. Kikundi kinachoanza kwa kununua droni na sare kabla ya kujua ni kipi kinaua kwao humaliza fedha mahali ambapo mnyama hafi. Hatua zilizo hapa chini zinawafaa wanavijiji, hifadhi ndogo na wamiliki wa ardhi wanaopakana na pori. Usizifuate zote kwa uzito mmoja. Hatua ya kwanza ndiyo itakayokuambia ipi kati ya zinazofuata ibebe sehemu kubwa ya bajeti.

Hatua ya 1: Fungua daftari la vifo

Kwa miezi 3 ya mwanzo kusanya habari za kila mlanyama aliyekufa au kujeruhiwa katika eneo lako, hata wa miaka 2 au 3 iliyopita kama watu wanakumbuka vizuri. Kwa kila tukio andika tarehe, mahali (alama ya GPS), aina ya mnyama, jinsia, umri wa kukadiria na chanzo cha kifo. Weka safu moja zaidi ya uhakika: imethibitishwa, inaelekea, haijulikani. Safu hiyo ndogo ndiyo inayozuia uvumi usigeuke takwimu. Majeruhi nao waingie: simba mwenye waya shingoni na chui anayechechemea ni habari kamili.

Usiandike jina la mtu aliyekuambia habari za sumu au mtego, wala usiulize nani alifanya. Unatafuta sababu, si mshitakiwa. Mara watu watakapohisi kwamba daftari linaishia polisi, halitapata mstari mwingine.

Jihadhari na upotofu mmoja. Mnyama aliyegongwa na gari huonekana na kila mtu, aliyekufa kwenye kichaka chenye mitego huliwa na fisi kabla hajaonekana, na aliyekula sumu huenda akafia shimoni. Ukihesabu mizoga iliyoonekana peke yake, barabara itakuwa juu ya orodha daima. Ongeza kwa hiyo habari za wanyama waliotoweka ghafla: jike aliyejulikana hajaonekana miezi 4, au kundi la mbwa mwitu lililokuwa na 12 limebaki na 5.

Kisha weka alama zote kwenye ramani. Mara nyingi zitajipanga mpakani, ama nje kabisa ya hifadhi. Watafiti Rosie Woodroffe na Joshua Ginsberg walionyesha mwaka 1998 kwamba walanyama wenye kutembea masafa marefu hutoweka hata kwenye hifadhi kubwa, kwa kuwa wanauawa na watu wanapovuka mpaka. Kundi moja la mbwa mwitu wa Afrika huhitaji mamia ya kilomita za mraba. Kwa duma, utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria wamebaki takriban 7,100, na asilimia 77 ya eneo wanaloishi liko nje ya hifadhi. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu zizi, mchungaji na njia za mpakani kuliko lango la hifadhi.

Hatua ya 2: Rudisha mawindo, ondoa nyaya

Simbamarara mmoja huua wanyama wakubwa wapatao 50 kwa mwaka. Ili idadi hiyo itolewe bila kundi la mawindo kupungua, panahitajika wanyama karibu 500 walio hai. Hesabu ya namna hiyo inawahusu walanyama wote wakubwa, na ndiyo inayoeleza kwa nini pori lenye miti mizuri na lisilo na swala halina chui. Linksi wa Iberia, paka mwitu wa Hispania na Ureno, ni mfano wa upande wa pili. Mwaka 2001 walibaki watu wazima 62, na mwaka 2022 wakafika 648, baada ya kazi ya miaka mingi ya kuongeza sungura wanaoliwa nao, kutunza vichaka, kupunguza vifo vya barabarani na kuachilia waliozalishwa chini ya uangalizi.

Adui mkubwa wa mawindo mahali pengi ni mtego wa waya. Ni rahisi, haupigi kelele, na haumchagui anayepita. Mtegaji anataka kitoweo, naye simba au mbwa mwitu anayefuata swala katika njia ile ile hunasa bila mtu kumkusudia.

Kusafisha nyaya hufanyika hivi:

Panga watu 6 hadi 10 kwa mstari. Kwenye kichaka kinene waachane mita 5 hadi 10, kwenye uwazi mita 15 hadi 20. Tembea polepole. Wengi hushindwa kwa sababu ya mwendo, si kwa sababu ya macho.

Tafuta katika njia za wanyama, mabonde yanayoshuka majini, mahali penye majani mabichi baada ya moto, na kwenye uzio wa matawi ulioachwa mapengo. Dalili ni matawi yaliyokatwa kwa panga, gome la mti lililosagika kimduara, na waya uliochomwa moto ili usimetemete. Tazama kimo cha goti na kimo cha kifua: kitanzi cha digidigi na cha nyati havifungwi urefu mmoja.

Ukiona mmoja, simama. Nyaya hutegwa kwa safu, na bado kuna nyingine jirani. Zunguka umbali wa mita 100 kila upande kabla ya kuendelea.

Andika mahali, aina ya waya, upana wa kitanzi, kimo chake, na hali yake: umetegwa, umefyatuka au umekuwa mkuukuu. Piga picha kabla ya kugusa. Kisha fungua waya kutoka kwenye mti uliofungiwa na uondoke nao wote. Wengine hukata kitanzi na kuacha kipande kinachoning'inia. Huko ni kumtunzia mtegaji mali yake.

Rudi sehemu ile ile baada ya wiki 2 hadi 4, kwa siku na saa zisizotabirika. Doria inayopita kila Jumatatu asubuhi kwa njia ya gari huwa inajulikana na kila mtu isipokuwa mkuu wake.

Ukikuta mnyama hai kwenye waya, usimkaribie. Paka mkubwa aliyenaswa anaweza kukata waya kwa mruko mmoja akikuona. Watu wakae mbali, kimya, mmoja aite daktari wa wanyamapori mwenye dawa ya usingizi, na mwingine alinde njia wasije watazamaji.

Mafanikio usiyapime kwa idadi ya nyaya zilizokusanywa. Nyaya 400 huenda zina maana ya doria nzuri au ya ujangili ulioongezeka. Gawanya idadi kwa kilomita zilizotembewa kwa miguu. Ikiwa jitihada ni ile ile na nyaya kwa kilomita zinashuka mwezi baada ya mwezi, unafanikiwa. Programu ya SMART, inayotumiwa bila malipo na hifadhi nyingi duniani, imetengenezwa kwa hesabu za namna hii, lakini daftari lenye safu zilizonyooka linaweza kuanza kazi kesho.

Tena uliza waya unatoka wapi. Mara nyingi ni uzio ulioachwa, magurudumu yaliyochomwa, au nyaya za umeme zilizokatwa. Kufumua kilomita 3 za uzio mbovu na kuzibeba mbali kunaweza kuzuia mitego mingi kuliko doria za mwezi mzima. Ukijenga uzio mpya, kumbuka kwamba waya mnene ulionyooka ndio mtegaji anaoupenda. Wavu wenye mikunjo haumfai sana.

Kukamata watu ni kazi ya askari wenye mamlaka. Wanakikundi waangalie, waandike na watoe taarifa. Anayemkamata jangili bila mamlaka huhatarisha maisha yake, na mara nyingi huharibu kesi.

Hatua ya 3: Zizi, mchungaji na usiku

Hapa ndipo simba wengi, chui wa theluji na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia wanapookolewa au kupotezwa. Mfugaji aliyepoteza mbuzi 20 usiku mmoja hatamsikiliza anayemwambia uhifadhi ni urithi. Ila akilala usiku 300 bila hasara, hana haja ya mkuki.

Anza kwa kukagua hasara kabla ya kujenga chochote. Chuna ngozi ya shingo ya mnyama aliyekufa. Ukiona damu iliyovilia chini ya ngozi, aliumwa akiwa hai. Kama hakuna, alikufa kwa jambo jingine na waliokuja walikula mzoga tu. Matundu ya meno kooni ni dalili ya paka. Duma huacha matundu membamba na mikwaruzo ya ukucha wa pembeni kwenye mapaja. Mifupa iliyovunjwavunjwa na vipande vilivyotawanyika huelekeza kwa fisi. Kuumwa kwingi ovyo miguuni na masikioni mara nyingi ni mbwa wa kufugwa, na hili huwashangaza wenye mbwa. Ukishajua nani, saa ngapi na mifugo ilikuwa wapi, ndipo unachagua dawa.

Kama walikufa zizini usiku, imarisha zizi. Wavu wa chuma uwe na kimo cha mita 1.8 hadi 2, nguzo kila mita 2 hadi 3, zikifukiwa sentimita 50 au zaidi. Upande wa chini zika wavu sentimita 30, au ukunje kuelekea nje na kuulalia mawe, maana fisi huchimba. Nguzo kavu huliwa na mchwa. Kaskazini mwa Tanzania wafugaji wengi wametumia miti hai ya mkomifora kuwa nguzo, wavu ukifungwa juu yake. Mti unaendelea kukua na zizi linazidi kuwa gumu. Mahali ambapo mifugo huhama, kuta za turubai zito zisizopenyeka macho hufanya kazi nyingine: mlanyama haoni ndani, na ng'ombe hawamwoni wakapata hofu na kubomoa zizi wenyewe. Simba mara nyingi haingii kabisa. Huzunguka, ng'ombe wananusa harufu yake, wanavunja ukuta na kumfuata gizani.

Mlango ndio unaoharibu mazizi mengi mazuri. Watu hugharimia ukuta kisha wakaziba mlango kwa matawi. Tumia bati nene au mbao juu ya fremu, komeo la chuma juu na chini, na kizingiti cha jiwe ili pasibaki nafasi ya kupitisha kichwa.

Kwa mbuzi na kondoo kwenye nchi ya chui au chui wa theluji, ukuta peke yake ni kazi bure. Chui hupanda, huingia, na akiwa ndani kati ya wanyama wanaokimbizana huua wengi kuliko anavyoweza kula. Weka paa la wavu, uzibe madirisha yote, basi.

Taa za kumeta husaidia. Richard Turere, kijana wa Kenya, alijulikana duniani mwaka 2013 kwa mfumo wake wa taa zinazowaka kwa zamu, zikamfanya simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Lakini taa isiyohamishwa huzoeleka. Ibadili mahali na mpangilio kila wiki, na usiitumie kama mbadala wa ukuta. Bendera nyekundu zinazoning'inizwa kwenye kamba kila sentimita 45 hivi huwazuia mbwa mwitu wa Ulaya na Amerika kwa miezi 2 hivi, kisha wanazizoea. Ziweke kwa msimu wa kuzaa mifugo, si mwaka mzima.

Kama walikufa mchana, tatizo ni uchungaji. Mtu mzima akae na kundi. Mtoto wa miaka 9 hamzuii mtu wala mnyama. Epuka vichaka vya mtoni alfajiri na jioni, ambapo mbwa mwitu huwinda. Na hesabu mifugo kila machweo: ng'ombe aliyepotea na kulala porini ndiye chakula rahisi kuliko vyote, na kumtafuta kabla ya giza ni ulinzi wa simba. Walinzi wa Lion Guardians huko Amboseli, walioanza mwaka 2007, hufanya kazi hiyo ya kutafuta mifugo iliyopotea pamoja na kuwaonya wachungaji simba alipo.

Mbwa wa ulinzi wa jamii kubwa, kama Kangal na Anatolia, wanawafaa mbuzi na kondoo dhidi ya duma, mbweha na hata chui. Shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwagawia wafugaji wa Namibia tangu mwaka 1994. Mtoto wa mbwa aingizwe zizini akiwa na wiki 6 hadi 8, alale na mbuzi, ale hapo, asilelewe nyumbani na watoto. Akizoea nyumba atalinda nyumba. Akicheza kwa kuuma mbuzi mrekebishe siku hiyo hiyo. Dhidi ya simba, mbwa ni kengele tu.

Kuna njia moja ya bei ndogo inayochekesha mpaka uone matokeo. Katika utafiti wa Okavango, Botswana, uliochapishwa mwaka 2020, ng'ombe 683 walichorwa macho mawili makubwa kwenye makalio. Hakuna hata mmoja aliyeuawa na simba wala chui. Kati ya 835 wasiochorwa kitu waliuawa 15, na kati ya 543 waliochorwa msalaba waliuawa 4. Paka huvizia, na anayedhani ameonekana huacha. Hii ni njia ya mchana malishoni. Usiku hurudi kwenye zizi. Rangi hufutika, hivyo irudiwe kila baada ya wiki chache.

Fidia na bima hufanya kazi kwa masharti mawili. Ukaguzi ufanyike ndani ya saa 24, kabla mzoga haujaharibika, na malipo yaje haraka. Kifuta jasho kinachofika baada ya miezi 14 huongeza hasira. Sharti la zizi imara liandikwe tangu mwanzo, la sivyo unamlipa mtu kwa uzembe na uzembe unaongezeka. Sweden imegeuza mpango wote: tangu mwaka 1996 vijiji vya Wasami, wenyeji wa kaskazini wanaofuga kulungu wa kaskazini, hulipwa kwa idadi ya walanyama waliozaa katika eneo lao, si kwa mifugo iliyoliwa. Mnyama aliye hai anakuwa na thamani kwa jirani yake. Mpango huo unahitaji hesabu za kuaminika, kwa hiyo usiuige kabla ya hatua ya mwisho ya mwongozo huu kukamilika.

Hatua ya 4: Sumu, na saa 12 za kwanza

Tone la kisasi huua zaidi ya simba mmoja. Mzoga uliowekwa carbofuran au dawa nyingine ya wadudu huua kundi la simba, fisi wanaokuja baadaye, na tumbusi kwa makumi.

Zuia kwanza. Simba hurudi kwenye alichoua, na kila mchungaji anajua. Kwa hiyo mzoga wa ng'ombe ulioachwa mpaka jioni ndio utakaowekwa sumu. Mtu wa kikundi afike kwa mfugaji mapema, kabla ya saa za jua kuzama. Akae naye, asikilize, akague zizi, aandike dai. Kisha mzoga uzikwe au uchomwe siku hiyo hiyo kwa ridhaa ya mwenyewe. Ziara hiyo moja huzuia sumu kuliko mikutano 5 ya hadhara iliyofanyika hasira ikiwa imepoa.

Ukikuta mizoga inayotiliwa shaka:

Dalili ni nzi waliokufa juu ya nyama, tumbusi waliolala karibu na mzoga, walanyama zaidi ya mmoja waliokufa bila jeraha, na mara nyingine punje za zambarau au bluu kwenye nyama.

Usiguse kwa mkono mtupu. Dawa hizi hupenya ngozi. Vaa glovu za nitrili mbili mbili, barakoa, mikono mirefu. Simama upande upepo unapotokea. Usile, usinywe, usivute sigara hapo.

Weka mlinzi wa kufukuza ndege na mbwa, hata kwa kupiga makofi. Kila tumbusi aliyefukuzwa ni aliyeokolewa.

Piga picha za mahali pote kwanza, halafu za kila mzoga, na alama ya GPS. Tafuta kwa mduara hadi maji ya karibu, maana wanyama wenye sumu hukimbilia maji.

Daktari wa mifugo au mtaalamu mwenye kibali achukue sampuli za tumbo, ini na nyama yenye punje, katika vyombo visivyovuja, zikigandishwa. Kila chombo kiwe na namba, tarehe na sahihi za wanaokipokea, kwa kuwa kesi huanguka kwa karatasi kuliko kwa ushahidi.

Kisha teketeza mizoga yote kwa kuni nyingi mpaka mifupa, au uzike mita 2 chini, mbali na maji. Mzoga mmoja uliosahauliwa huanza tukio upya.

Mtu akitokwa mate na machozi mengi, mboni zikawa ndogo, misuli ikatetemeka au pumzi ikakwama, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali mara moja na jina la dawa kama linajulikana. Tiba ya atropini ni ya daktari, si ya kikundi.

Hatua ya 5: Mbwa wa vijijini na chanjo

Hatua hii hupuuzwa kwa sababu haina bunduki wala waya. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaohusishwa na mbwa wa kufugwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani takriban 1,000. Mbwa mwitu wa Ethiopia, ambao porini hawafiki 500, wamepigwa mara kwa mara na kichaa cha mbwa. Chanja mbwa kila mwaka mpaka wafike angalau asilimia 70 ya wote, na waingize watoto wa mbwa pia, maana ndio wengi na ndio wanaoachwa. Fanya hesabu ya mbwa kwanza. Bila hiyo, hujui 70 ya ngapi. Endapo uwezo unaruhusu, changanya chanjo ya kichaa na ya distempa katika ziara moja.

Hatua ya 6: Makazi na shoroba

Ushoroba ni njia ambayo wanyama hupita kutoka pori moja hadi jingine. Usiuchore kwa rula. Fuata nyayo, kinyesi, picha za kamera na ushahidi wa wachungaji kwa misimu yote miwili, ya mvua na ya kiangazi, kwani njia hubadilika na maji. Kisha tafuta shingo ya chupa: sehemu nyembamba ambapo shamba moja au mji mmoja mdogo ukikua njia itafungwa. Hapo ndipo mkataba unapotakiwa kwanza, hata kama ni hekta 80 tu. Maandishi yaonyeshe mipaka, muda, kinachoruhusiwa (malisho mara nyingi yanaruhusika), kisichoruhusiwa (kulima, kufunga uzio, kuchoma mkaa), na malipo kama yapo. Makubaliano ya mdomo hufa mwenye ardhi anapofariki na mashamba yakagawanywa.

Ushoroba wenye nyaya ni mtego mrefu. Safisha mitego kwanza ndipo uwahimize wanyama kupita.

Barabara ikikatiza, kuweka kibao cha tahadhari peke yake hakupunguzi vifo kwa kiasi kinachoonekana. Kinachofanya kazi ni uzio mrefu kila upande unaowaongoza wanyama kwenye daraja la chini au la juu. Hifadhi ya Banff huko Kanada na barabara kuu ya I-75 huko Florida, Marekani, zimeonyesha hivyo kwa miongo kadhaa. Njia ya kupita bila uzio hutumika kidogo, na uzio bila njia ya kupita hukata kundi vipande viwili.

Kukatwa vipande huleta uzazi wa ndugu kwa ndugu. Puma wa Florida walikuwa 20 hadi 30 tu, wenye kasoro za moyo na za mbegu za kiume, mpaka mwaka 1995 walipoletewa majike 8 kutoka Texas. Kuhamisha wanyama ni jambo la serikali na wataalamu. Kazi ya kikundi ni kuhakikisha halitahitajika.

Hatua ya 7: Hesabu, na siri

Hifadhi ya Sariska nchini India ni fundisho chungu. Makadirio ya nyayo yaliendelea kuonyesha simbamarara wapo, hadi ilipobainika mwaka 2005 kwamba hakuna hata mmoja aliyebaki. Walirudishwa kuanzia mwaka 2008. Nyayo zinakuambia mnyama amepita. Hazikuambii ni wangapi.

Kwa chui, simbamarara na wengine wenye madoa au milia, tumia kamera za kutega. Ziweke mbili mbili, zikielekeana kwa mshazari kidogo ili mwanga wa moja usiunguze picha ya nyingine, kila upande wa njia, kwa sababu madoa ya kushoto si ya kulia. Kimo sentimita 40 hadi 50, umbali wa mita 3 hadi 4 kutoka njiani. Usizielekeze jua linapochomoza au kuzama. Kata nyasi mbele yake, la sivyo utarudi na picha 9,000 za majani yakitikiswa na upepo. Vituo viachane kilomita 2 hadi 3, na uchunguzi usizidi siku 60, ili idadi isibadilike kwa vizazi na vifo katikati ya hesabu. Simba watambulike kwa vidoa vya ndevu na makovu ya masikio, duma kwa madoa na pete za mkia, mbwa mwitu wa Afrika kwa mabaka ya ubavuni. Rudia mwezi ule ule kila mwaka.

Unapotoa matokeo, toa idadi na ramani ya jumla, usitoe alama za GPS. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha ya pango lenye watoto, na usiiweke mtandaoni mpaka wahame. Mtu akikuletea kitoto cha duma akisema amekiokoa na anataka kulipwa, usilipe hata kidogo. Ukilipa, wiki ijayo ataleta cha pili, na mama yao atakuwa ameuawa. Waite wenye mamlaka wamchukue mnyama. Duma, chui na simbamarara wako katika Kiambatisho cha Kwanza (orodha yenye masharti makali zaidi) cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini ulioanza kutumika mwaka 1975, hivyo hata kuvusha ngozi mpakani kwa biashara bila kibali ni kosa. Kumbukumbu za daftari la vifo ziwekwe nakala mbili, moja nje ya ofisi, na funguo zake zikae kwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja.